Lami Ilipofika: Kisa cha Kampuni ya Mabasi ya Familia Moja Nyanda za Juu Kusini

Majina ya watu, jina la kampuni na jina la wilaya yameondolewa. Mambo machache ya ndani ya familia yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike, na viwango vya fedha za familia havikutajwa. Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wamiliki wa magari ya abiria wanaofanya kazi na ndugu zao, hasa wale ambao kadi ya gari bado ina jina la baba.

Usuli

Mwasisi, ambaye hapa tutamwita Mzee kama anavyoitwa na wanawe hadi leo, alianza kazi ya barabara akiwa utingo kwenye lori la mfanyabiashara wa Kihindi miaka ya 1960. Lori lilipanda milimani na chumvi, sabuni na mafuta ya taa, likashuka na pareto na mahindi. Abiria walikaa juu ya magunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mzee alinunua Bedford kuukuu, akafunga mabenchi ya mbao na turubai, na huo ndio ukawa mwanzo wa kampuni.

Mtu anayeijua historia ya nchi atauliza: aliwezaje, wakati Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limeshapita? Usafiri mkubwa ulikuwa mikononi mwa serikali. Kampuni ya DMT ya Dar es Salaam ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 ikagawanywa: UDA ikabaki na jiji, KAMATA ikachukua safari za mikoani. Lakini KAMATA ilikuwa na kazi ya kutosha kwenye barabara kuu. Njia ya udongo yenye kona na utelezi, inayoishia kijiji kilicho kwenye ukungu, haikuwa na mgombea. Serikali ilimwacha mwenye gari moja aendelee kwa sababu haikuwa na gari la kuweka badala yake.

Mambo mawili ya miaka hiyo yalimjengea soko. La kwanza ni barabara ya TANZAM na reli ya TAZARA, ambayo ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976. Ghafla mji wa chini, kwenye barabara kuu, ukawa mlango wa kwenda Dar es Salaam na Zambia. La pili ni Operesheni Vijiji. Watu waliokuwa wametawanyika mabondeni walihamishiwa vijijini, na vijiji vingi vikapangwa kandokando ya barabara. Zoezi hilo liliacha machungu mengi, na Mzee mwenyewe alipoteza shamba la wazazi wake. Hata hivyo abiria waliokuwa wakitembea nusu siku kulifuata gari sasa walisimama mlangoni kwao.

Kisha ukaja uhaba. Baada ya vita ya Kagera dizeli ilipatikana kwa foleni na vibali, na tairi la kiwanda cha General Tyre cha Arusha lilikuwa linatafutwa kwa barua, kwa kufahamiana na kwa subira. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, Mzee alikuwa na matairi mawili ya akiba na sanduku la spea. Aliyafukia chini ya magunia ya mahindi kwa sababu kuwa na akiba kulitosha kukufanya mtuhumiwa. Hofu ile ilipokwisha ilimwachia tabia iliyokuja kuibeba kampuni: hakununua spea moja, alinunua mbili.

Kuanzia 1984 milango ya kuagiza bidhaa ilipoanza kulegezwa, na zaidi baada ya Mwinyi kuingia madarakani mwaka 1985, Mzee alibadilisha Bedford kwa Isuzu, halafu akaongeza Scania kuukuu zilizoundiwa bodi hapahapa nchini. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 alikuwa na mabasi manne, gereji yenye shimo la ukaguzi, stoo ya spea na nyumba ya wageni karibu na stendi ya mji wa chini.

Fedha zilitoka wapi hasa

Hapa inabidi tukae kidogo, kwa sababu wanafamilia wenyewe hawakuwa na jibu moja. Waulize wana wa kiume, watakwambia nauli. Binti wa tatu, aliyekuwa akikaa kwenye kibanda cha tiketi, anasema mzigo. Daftari zake zinamuunga mkono.

Basi lililala kijiji cha mwisho na kuondoka kabla ya jua. Kwenye keria kulikuwa na viazi, magunia ya mkaa na vikapu vya kuku, na msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, madumu yalifungwa kwa kamba nyuma ya ngazi. Kwenye droo ya dereva kulikuwa na bahasha: fedha ambazo mtu wa Dar amemtumia mama yake, ada ya mwanafunzi wa bweni, dawa, barua ya posa. Kila bahasha ililipiwa kidogo. Bahasha hizo hazikuchukua kiti, hazikula dizeli, na hazikupungua msimu wa mvua. Kinyume chake, mvua ilipozidi, watu waliahirisha safari lakini bahasha ziliendelea.

Miaka ya 1990 serikali ilipopiga marufuku mabasi kusafiri usiku, ratiba ya zamani ilivurugika. Basi la kutoka milimani halikuweza tena kushuka usiku wa manane na kuwahi mabasi ya Dar yanayoondoka alfajiri. Wamiliki wengine walilalamika. Mzee alihamishia safari moja mchana, na abiria wa Dar wakalala mjini. Walilala kwake. Nyumba ya wageni ilijengwa kwa sababu ya sheria hiyo, na kwa miaka mingi ndiyo iliyolipa mishahara mabasi yalipokwama kwenye matope.

Kulikuwa pia na mkopo wa nauli. Mzazi asiye na fedha Januari alimpeleka mtoto shuleni na kulipa viazi vikivunwa. Mzee aliandika kwenye daftari lenye jalada gumu, jina la mtu na jina la balozi wa nyumba kumi. Nimeliona. Madeni mengi yamepigwa mstari, maana yake yalilipwa. Hakuna mshindani kutoka nje ambaye angeweza kukopesha hivyo, kwa kuwa hakuwajua watu.

Dereva na konda walikuwa wa mshahara na posho ya safari. Hapakuwa na mfumo wa hesabu, ule wa dereva kumletea tajiri kiasi maalumu kila jioni na kinachozidi kikawa chake. Mzee alikuwa na sababu yake: "Ukimpa dereva hesabu kwenye barabara hii, atakuletea fedha leo na difu kesho." Maana yake difu, ile gia ya ekseli ya nyuma, itakuwa imevunjika.

Mzee anafariki

Alifariki katikati ya miaka ya 2000. Hakuacha wosia. Aliacha wake wawili, watoto wa nyumba zote mbili, na mabasi manne, kadi zote zikiwa na jina lake. Kampuni yenyewe haikuwa kampuni kisheria. Lilikuwa jina lililopakwa rangi juu ya kioo cha mbele.

Kikao cha ukoo kilimteua mtoto wa kwanza wa nyumba kubwa kuwa msimamizi wa mirathi, na muhtasari ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Wakati shauri likisubiri tangazo na pingamizi, akaunti ya benki haikuguswa. Bima ya mabasi mawili iliisha, na yakasimama uani kwa miezi kadhaa katikati ya msimu wa mavuno, msimu uliokuwa unabeba mwaka mzima.

Orodha ya mali iliyopelekwa mahakamani ilikuwa na mabasi, nyumba, shamba la miti na nyumba ya wageni. Stoo ya spea haikuorodheshwa. Daftari la madeni halikuorodheshwa, na baada ya muda wadaiwa wengi waliacha kulipa kwa kuwa hawakujua wamlipe nani. Leseni za njia nazo hazikuwa mali ya kurithi: zilitolewa na SUMATRA, mamlaka iliyosimamia usafiri wakati huo, kwa mwenye gari, na mwenye gari alikuwa amekufa.

Binti wa tatu aliuliza kwenye kikao nani ataendelea kutunza vitabu. Baba mdogo alimjibu kwa upole, "Mwanangu, wewe umeolewa, una kwako." Mila zilizoandikwa mwaka 1963 katika Tangazo la Serikali namba 436 zinampanga mtoto wa kike daraja la mwisho katika urithi na zinamweka mjane pembeni, na vikao vya ukoo bado vinafikiri kwa mpangilio huo hata pale ambapo hakuna aliyewahi kulisoma tangazo lenyewe. Binti hakubishana. Aliomba aachiwe kibanda cha vifurushi, ambacho hakuna aliyekihesabu kuwa kitu, akapewa.

Basi kwa kila nyumba

Uamuzi uliofuata ulionekana wa haki, na ulizuia kesi. Nyumba kubwa ilipewa mabasi mawili, nyumba ndogo moja, na la nne likabaki "la familia" chini ya msimamizi. Gereji na stoo vikawa vya wote. Jina juu ya kioo likabaki lilelile kwa magari yote.

Ukiwauliza sababu, watakwambia walitaka amani, na nawaamini. Mama mdogo alikuwa na watoto wanaosoma na hakuwa na uhakika kwamba mapato yatamfikia akisubiri mgao. Basi lenyewe mkononi lilikuwa dhamana. Kila mmoja aliyekuwa pale kikaoni alikuwa na hoja yenye mashiko.

Ndani ya mwaka mmoja mabasi yenye jina moja yalikuwa yakigombea abiria kwenye stendi moja. Basi la nyumba ndogo lilianza kuondoka dakika chache kabla ya la nyumba kubwa. La nyumba kubwa likapunguza nauli. Abiria walifurahi kwa msimu mmoja. Kila nyumba iliingia kwenye mfumo wa hesabu kwa sababu hakuna aliyemwamini konda aliyeajiriwa na ndugu yake, na madereva wakaanza kukimbiza magari kwenye makorongo ili wapate cha juu. Springi na sentabolti zilikatika kwa kasi ambayo gereji haikuwahi kuiona.

Stoo iliisha kimyakimya. Kila aliyeharibikiwa alichukua, hakuna aliyerudisha. Fundi mkuu, mtoto wa pili wa nyumba kubwa, ambaye alijifunzia kazi kwenye lile shimo tangu akiwa mwanafunzi, alitengeneza magari ya wote bila malipo kwa sababu yeye ni kaka. Siku moja alikuta basi la familia, lile la nne, limechinjwa: kilachi, rejeta na difu zimehamishiwa magari mengine. Kila upande ulikuwa na maelezo. Basi hilo halikurudi barabarani.

Basi la Dar

Kufikia 2011 hivi, msimamizi aliona kwamba njia ya milimani inakufa, na akaamua kupanda daraja. Alichukua mkopo benki, akaweka nyumba ya wageni rehani, akanunua basi jipya la Kichina lenye kiyoyozi na viti vya kulaza, likaanza safari ya moja kwa moja hadi Ubungo.

Watu wengi wanalisimulia hili kama tamaa. Mimi sioni hivyo. Abiria wake walikuwa wanakwenda Dar hata hivyo. Kila siku aliwaona wakishuka kwenye basi lake, na alfajiri ya kesho yake wakipanda la mtu mwingine. Kuwataka abiria hao kwa safari nzima ni wazo ambalo mfanyabiashara yeyote mzuri angekuwa nalo. Shida ilikuwa kwenye utekelezaji, na nitaieleza mbele.

Basi lilipendeza na wiki za mwanzo lilijaa. Kisha likaanza kujaa upande mmoja: kushuka Dar Januari na kupanda Desemba, na katikati viti vitupu. Ubungo kulikuwa na mawakala na wapiga debe wenye mabasi yao waliyoyazoea, na mgeni mwenye basi moja alipangiwa muda mbaya. Kampuni yenye mabasi mengi basi lake likiharibika Mikumi huleta lingine. Hapa abiria walikaa porini hadi jioni, na habari ikafika kijijini kabla yao.

Kubwa zaidi lilikuwa injini. Fundi wa familia aliweza kufungua Scania ya zamani na kuirudisha gizani. Basi jipya lilikuwa na nyaya, sensa na kompyuta, na lilipowasha taa ya hitilafu alihitaji mashine ya kulipima ambayo hakuwa nayo. Spea ziliagizwa Dar, nyingine zilisubiriwa kwa wiki. Benki haikusubiri.

Marejesho yalikuwa ya kila mwezi, na mapato ya familia hayakuwa ya kila mwezi. Yalifuata viazi, mahindi na kalenda ya shule. Miezi mitatu mibaya ilifukiwa kwa fedha za mabasi ya milimani, ambayo kwa hiyo hayakubadilishiwa matairi. Mwishowe benki ililichukua basi na kuiuza nyumba ya wageni.

Lami

Katikati ya miaka ya 2010 barabara ya milimani ilianza kuwekwa lami, kipande kwa kipande. Familia ilikuwa imeiomba kwa miaka thelathini. Mzee aliwahi kuchangia mbuzi kwenye ziara ya waziri ili barabara itajwe.

Kwa muda wote huo barabara mbaya ndiyo ilikuwa ukuta wa kampuni. Ili ufanye kazi pale ulihitaji gari refu kwenda juu, minyororo ya matairi, dereva anayeijua kila kona, fundi wa karibu na stoo. Mtu wa nje hakuwa na hivyo vyote. Lami ilipofika, kilichohitajika ni Noah na leseni ya udereva. Zikaja Hiace, Coaster, Noah na michomoko, yaani magari madogo binafsi yanayobeba abiria, na vijana wa bodaboda wakawa wanamleta abiria kutoka kitongojini hadi barabarani saa yoyote.

Nauli nayo ilibadilika. Viwango vya juu vilivyowekwa na SUMATRA mwaka 2013 kwa mabasi ya kawaida ya mikoani vilikuwa shilingi 36.89 kwa abiria kwa kilomita kwenye lami, na 46.11 kwenye barabara ya vumbi. Chukua njia ya kilomita 100 na basi la viti 60. Kwenye vumbi abiria mmoja analipa hadi shilingi 4,611, kwenye lami 3,689. Basi likijaa, safari moja imepoteza zaidi ya shilingi 55,000 siku ambayo udongo umefunikwa.

Haki ni kuongeza kwamba gharama nazo hushuka. Matairi yanadumu, springi hazikatiki, dizeli inapungua, na safari iliyochukua asubuhi nzima inachukua saa mbili. Lami inaadhibu basi linalofanya safari moja na kulizawadia linalofanya mbili au tatu. Mabasi ya familia yaliendelea kuondoka saa ileile ya alfajiri, mara moja kwa siku, kwa sababu ndivyo yalivyofanya tangu enzi za Bedford. Abiria aliyekuwa akiamka usiku kwa kuwa hakuna gari lingine sasa alilala hadi kunakucha, akala chai, akatoka barabarani na kupunga mkono.

Bahasha zilikuwa zimeshakwenda zamani. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na ada ya mwanafunzi haikuhitaji tena droo ya dereva. Kwa kuwa wana wa Mzee walikuwa hawahesabu bahasha kama mapato, hawakuona pengo lake mpaka walipoanza kushangaa kwa nini basi lililojaa halibakizi kitu.

Hali ilivyo sasa

Mabasi ya milimani yaliuzwa moja baada ya jingine, la mwisho likiuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Kati ya yote aliyoyaacha Mzee, kilichobaki kwenye usafiri ni kibanda cha vifurushi.

Binti wa tatu alikikuza taratibu. Fedha zilipohamia kwenye simu yeye alibaki na vitu ambavyo simu haibebi: mbegu, vipuri vya pikipiki, sare za shule, dawa za mifugo, matunda ya kwenda kwa watoto mjini. Alianza kutumia mabasi ya watu wengine kupeleka mizigo yake Dar, akiwalipa kwa kifurushi. Baadaye alinunua Fuso kwa ajili ya viazi, kisha Coaster moja inayofanya safari mara tatu kwa siku. Vyote viko chini ya kampuni aliyoisajili BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, yenye hisa zilizogawanywa kwa ndugu wa nyumba zote mbili waliotaka kuweka fedha. Si wote waliotaka. Kaka yake fundi ni mwajiriwa mwenye mshahara, na gereji inatoza kila gari linaloingia, hata la mwenye hisa.

Msimamizi wa mirathi anaishi kijijini na ana shamba la miti linalomlipa vizuri. Uhusiano kati yake na mama mdogo haujapona.

Uchambuzi

Maelezo yanayosikika stendi ni kwamba kampuni iliuawa na Wachina na Noah. Ukifuata mfuatano wa matukio, utaona basi la nne lilichinjwa miaka mingi kabla ya lami, na stoo iliisha kabla ya Noah ya kwanza kupanda mlima. Ushindani ulikuta nyumba ambayo tayari imeshaliwa na mchwa. Lakini pia siafiki wale wanaosema tatizo lilikuwa ugomvi wa ndugu. Ndugu hawa waligombana kwa sababu mpangilio waliochagua uliwalazimisha kugombana.

Tuanze na mgawanyo. Familia iligawa magari, wakati kilichokuwa kikizalisha fedha ni mtandao: ratiba inayopishana, gereji moja, stoo moja, jina moja na daftari moja la watu wanaoaminika. Basi moja ndani ya mtandao lilikuwa na thamani kubwa kuliko basi hilohilo likiwa peke yake. Kugawa hisa za mapato kungempa mama mdogo uhakika aliouhitaji bila kuuvunja mtandao huo. Kwa nini hawakufikiria hisa? Kwa sababu hisa zinahitaji hesabu ambazo kila mmoja anaweza kuzisoma na kuziamini, na mtu pekee aliyekuwa na hesabu hizo alikuwa ameambiwa ana kwake. Kumtoa binti kwenye vitabu kulikuwa kosa la biashara kabla ya kuwa suala la haki za wanawake. Kulifunga mlango wa suluhisho lililokuwa bora kuliko yote yaliyokuwa mezani.

Mfumo wa hesabu unastahili neno lake. Mjini, kwenye njia fupi za lami, unafanya kazi kwa kiasi, kwani mwenye gari hawezi kumfuata konda kila kituo. Kwenye njia ndefu ya udongo unahamisha faida kwa dereva na kumwachia tajiri uchakavu. Mzee alilijua hilo bila kusoma uhasibu popote. Wanawe waliingia humo kwa kukosa kuaminiana, na gharama ya kutoaminiana ikaonekana chini ya gari, kwenye difu na springi.

Mirathi ilichelewesha mambo, lakini nisingeilaumu mahakama sana. Kanuni zinamtaka msimamizi awasilishe orodha ya mali ndani ya miezi minne, na muda huo si mrefu kwa shauri lenye nyumba mbili. Kilichoumiza ni kwamba biashara na mtu vilikuwa kitu kimoja, hivyo mtu alipokufa kila karatasi ilikufa pamoja naye. Kampuni iliyosajiliwa ingefiwa na mkurugenzi, na kesho yake mkurugenzi mwingine angeweka saini kwenye bima. Gharama ya usajili ni ndogo kuliko tairi mbili za Scania. Sababu ya Mzee kutosajili ninaielewa: mtu aliyefukia matairi yake chini ya mahindi mwaka 1983 hana haraka ya kuandika mali yake kwenye daftari la serikali. Woga huo ulimwokoa enzi moja na kuwagharimu wanawe enzi nyingine.

Kuhusu basi la Dar, makosa matatu yalikuja kwa pamoja. Mkopo wa marejesho ya kila mwezi uliwekwa kwenye mapato ya msimu. Dhamana iliyowekwa ni mali iliyokuwa ikileta fedha kwa uhakika kuliko zote. Na gari lililonunuliwa liliufanya ustadi mkubwa wa familia, ufundi wa Scania za zamani, usiwe na kazi. Angeweza kufanya nini? Njia mojawapo ilikuwa makubaliano na kampuni kubwa iliyokuwa tayari na nafasi Ubungo: yeye alete abiria mji wa chini kwa tiketi moja ya safari nzima, wao wampe sehemu yake. Binti alilipendekeza hilo wakati ule kwa maneno yake mwenyewe: "Kaka, abiria ni wetu, basi si lazima liwe letu." Ndivyo anavyofanya yeye leo kwa vifurushi.

Uamuzi wa rehani una upande mwingine ambao hausemwi sana. Oktoba 2023 LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA, iliruhusu mabasi kusafiri saa 24, na abiria wa milimani hawalazimiki tena kulala mjini. Nyumba za wageni za karibu na stendi zimeona tofauti. Ile iliyojengwa na Mzee juu ya marufuku ya usiku ingeyumba hata kama ingebaki mikononi mwa familia. Kupotea kwake kuliumiza zaidi kwa wakati kulipotokea kuliko kwa thamani yake ya leo.

Kilichofanya kazi kilikuwa vitu vidogo. Kumlipa fundi mshahara kulimaliza lawama za miaka kumi ndani ya mwezi. Kutoza magari ya wenye hisa kulirudisha stoo. Coaster inayoondoka kila ikijaa inabeba abiria wachache kwa safari lakini hairudi tupu, na dereva wake yuko kwenye mshahara pamoja na asilimia ya mauzo ya tiketi, utaratibu ambao ni wa Mzee ukiwa umeongezewa kitu kidogo. Daftari la madeni limefufuliwa pia, safari hii kwa wauza pembejeo wanaolipa baada ya mavuno, na kila deni lina namba ya simu na kikomo.

Mambo mawili hayajakaa sawa. Jina la zamani, lile la juu ya kioo, bado linavuta wateja, na kila nyumba inaamini ni lake. Coaster haina jina lolote mbele kwa sababu hiyo. Na binti, ambaye sasa ana umri mkubwa kuliko aliokuwa nao baba yake aliponunua Scania ya kwanza, ameshaandika wosia. Unagawa hisa tu. Gari hata moja halikutajwa, na watoto wake wawili wameshamuuliza kwa nini.